Makumbusho ya faragha au ya mtu binafsi?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu Richard Greene, tabibu na muuza dawa wa Lichfield, Uingereza, aliyekuwa na makumbusho nyumbani kwake karne ya 18. Nimeandika: "Jumba la makumbusho ya faragha ya vioja yalikuwa wazi kwa wote bila malipo." Ni sahihi?

JIBU: Kosa kubwa ni "faragha". Faragha ni mahali pa kujitenga, na mahali pa kujitenga hapawi wazi kwa wote. Sentensi yako inajipinga yenyewe. Unachotaka kusema ni kwamba mwenye mali ni mtu mmoja, si serikali wala chuo: andika "ya mtu binafsi".

"Vioja" nako kuna mtego. Zamani kioja kilikuwa jambo lolote la kustaajabisha, lakini leo msomaji akilisikia neno hilo hungoja kichekesho au aibu ya mtu. Usikimbilie "vitu vya kale" pia. Greene alikuwa na vitu vya visiwa vya Bahari ya Kusini (Pasifiki) vilivyoletwa na safari za baharia Mwingereza Kapteni Cook, zilizoanza 1768. Wakati huo vilikuwa vipya kabisa. "Vitu adimu" vinatosha, au "vitu vya ajabu".

Sasa upatanisho. "Jumba" huchukua li-: jumba la makumbusho lilikuwa wazi. Ukiliondoa, makumbusho huchukua ya-: makumbusho yalikuwa wazi. Wewe umeanza na jumba ukamalizia na makumbusho. (Na "makumbusho hii", inayosikika kila siku, ni kosa, sema "makumbusho haya".) Mimi ningeliondoa neno "jumba". Hapa ni nyumba ya mtu, na wageni walipanda ngazi kuingia.

Mlolongo wa "ya… ya…" uvunje kwa kirejeshi: "Makumbusho ya vitu adimu aliyoyaanzisha Greene nyumbani kwake yalikuwa wazi kwa wote bila malipo." Hiyo -yo- inashika makumbusho; ukitaka kushika vitu, ni "alivyovikusanya".

Huenda pia makala yako ikataja ziara ya 1776 ya Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi ya Kiingereza, na rafiki yake James Boswell, aliyeandika maisha yake. Boswell aliona lebo zilizochapwa kwa mashine ndogo ya Greene mwenyewe, na kwenye ngazi ubao wenye majina kwa herufi za dhahabu. Majina hayo usiyaite ya "wachangiaji" tu, msomaji atadhani walitoa pesa. Andika "waliotoa vitu".