Aliweza kuzaliwa?

SWALI: Ninaandika maisha ya Katina Paxinou, Mgiriki aliyevuma jukwaani na kwenye filamu. Nimwite mwigizaji au mcheza sinema? Nimeanza hivi: "Paxinou aliweza kuzaliwa Piraeus mwaka 1900, aliweza kusomea uimbaji wa opera, na mwaka 1944 aliweza kushinda Oscar." – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mwigizaji. Shina ni iga, likazaa igiza, na aigizaye ni mwigizaji, awe jukwaani au mbele ya kamera. Mcheza sinema si kosa, ila mama huyu alijiunga na jumba la michezo ya kuigiza la taifa huko Athens mwaka 1932, Hollywood haijamjua bado.

Sasa hilo "aliweza". Aliweza kuzaliwa! Kwani alijaribu mara ngapi akashindwa? Miezi ilitimia, mtoto akazaliwa. Kama kuna aliyeweza, basi ni mama yake. Siku hizi redioni hata marehemu "ameweza kufariki", na majambazi "wameweza kupora duka", utadhani mtangazaji anawapa hongera. Kuweza ni kumudu. Pasipo kizuizi wala jitihada, neno hilo halina kazi.

Paxinou mwenyewe anakupa mfano. Vita Kuu ya Pili ilimkuta London, hakuweza kurudi Ugiriki. Hapo sawa: alitaka, njia ikafungwa. Akaishia Marekani, akaigiza Pilar katika filamu ya For Whom the Bell Tolls (1943), yule mwanamke wa milimani Hispania aliyewaendesha wapiganaji wanaume atakavyo, na Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike ikawa yake. Umeona "akaweza" popote hapo?

"Aliweza kushinda" nakuachia, shingo upande, maana Oscar haiuzwi stendi pamoja na karanga. Lakini kusoma, kuolewa na Alexis Minotis, mwigizaji mwenzake, na kufariki Athens mwaka 1973, yote hayo aliyafanya bila "kuweza".

Andika: "Paxinou alizaliwa Piraeus mwaka 1900, akasomea uimbaji wa opera, na mwaka 1944 akashinda Oscar." Nafasi uliyookoa itumie kueleza alivyoigiza Elektra, binti wa mfalme katika tamthilia ya kale ya Kigiriki, mwaka 1938 katika ukumbi wa kale wa mawe wa Epidaurus, Ugiriki, maana hilo hukuligusa kabisa.