Imepitwa, imepitiwa au imechakaa?

Msomaji ametuletea sentensi aliyoiandika kwenye barua ya kuomba kazi: "Mfumo wenu wa kumbukumbu umepitiwa na wakati." Anauliza kama iko sawa. Haiko sawa, na kilichomponza ni irabu moja. Kupitiwa ni kukaguliwa (ripoti imepitiwa na kamati), kusahau, au kuchukuliwa na usingizi. Alichotaka ni kupitwa: wakati umekipita kitu, chenyewe kimebaki palepale.

Wengine huiangusha w wakaandika "umepita na wakati", na hapo mfumo na wakati vimeondoka pamoja. Wala usiache "na wakati". "Nimepitwa" peke yake, mtaani, ni kukosa habari ambayo wenzako wameshaisikia.

Kuchakaa ni jambo jingine. Kinachochakaa kimeliwa na matumizi: tairi, barabara, suruali magotini. Kilichopitwa na wakati kinaweza kuwa kipya kabisa, kama kaseti ambayo haijavuliwa hata nailoni yake. Matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, televisheni za antena hazikuharibika usiku ule. Ziliwaka vizuri, ila bila king'amuzi hazikuwa na cha kuonyesha.

Kwenye dawa ndiko watu wanakoteleza zaidi. Mwaka 2001 Tanzania iliacha kutumia klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Nafasi yake ikashikwa na SP (sulfadoksini na pirimethamini), na mwaka 2006 ikafuata dawa mseto, ALu (artemetha na lumefantrini). Sasa chukua kidonge cha klorokwini ambacho tarehe yake haijafika. Hakijaisha muda wake, lakini kama tiba ya kwanza kimepitwa na wakati. ALu iliyovuka tarehe ya kwenye boksi ni kinyume chake: boksi limeisha muda, tiba haijapitwa. Anayeita yote mawili "dawa iliyopitwa na wakati" hajamwambia mgonjwa kitu.

Na sheria, jamani! Iliyofutwa haipo tena. Iliyopitwa na wakati bado ipo, na inaweza kukupeleka jela ukiwa unaicheka. Waandishi wa habari, andikeni lipi ni lipi.

Kuchuja mwachie khanga, na msanii ukitaka ugomvi na mashabiki wake. Uzee wenye heshima una maneno yake. Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mkongwe, basi. Nyimbo za dansi za zamani zinaitwa zilipendwa, jina ambalo, ukilisikiliza vizuri, linakiri kwamba wakati umepita bila kuudharau wimbo.

Kuhusu njeo, "imepitwa" inatosha mara nyingi. "Inapitwa" ni kwa kitu ambacho bado kinatumika huku kikiachwa kidogo kidogo. "Ilipitwa" inadai mwaka. Na kila unapoandika kirai hiki, jibu kwenye sentensi hiyohiyo au inayofuata: kimepitwa kwa sababu ya nini kilichokuja? Ukikosa jibu, huenda ulichotaka kusema ni "sikipendi".

Kwa aliyeuliza: hata ukiisahihisha, mwajiri ataisoma kama tusi. Andika, "Kumbukumbu zenu bado ziko kwenye majalada ya karatasi; naweza kuzihamishia kwenye kompyuta," kisha taja utahitaji miezi mingapi.