Diski mpya haionekani

SWALI: Shikamoo fundi. Nina studio ya picha Kirumba, Mwanza. Nimefunga diski mpya ya terabaiti 4 kwenye kompyuta. Naisikia inazunguka, ila Windows haiioni. Niirudishe dukani?

JIBU: Marahaba mama. Usiirudishe kwanza. Diski mpya mara nyingi huja haijaandaliwa, kwa hiyo Windows haiipi herufi yake (kama D:). Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua Disk Management. Ikiwemo, ukiulizwa mtindo wa kuigawa diski, chagua GPT. MBR, mtindo wa zamani, huishia terabaiti 2, nusu ya hela yako italala bure. Kisha unda patisheni (sehemu ya diski ya kuwekea mafaili), uifomati kwa NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows. Ila angalia namba ya diski mara mbili, usije ukafuta harusi za watu! Isipoonekana hata kwenye BIOS (programu inayowaka kabla ya Windows), zima umeme, badilisha waya wa SATA, ule unaounganisha diski na kompyuta.