Ubao unao, mawimbi huna: usiuze

Wiki hii nimepata ujumbe wa msomaji wa hapa hapa Bagamoyo: "Dada, shikamoo. Nimehangaika mpaka nimepata ubao wa kuteleza kwenye mawimbi, lakini kila nikishuka pwani ama bahari imelala, ama imechafuka hata kupiga magoti siwezi. Niuze?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiuze. Mwezi uliopita nimesimama juu ya wimbi zima kule Kigamboni, likanipeleka hadi mchangani, na yote yaliyonisimamisha nilijifunzia kwenye maji haya haya unayoyalalamikia.

Mbele yetu imekaa Unguja. Mawimbi marefu ya Bahari ya Hindi yanaishia upande wake wa mashariki, huko Paje na Jambiani. Sisi tunabaki na yale yanayozaliwa na upepo humu katikati: mafupi, yanafukuzana, hayana mpangilio. Upepo wa kusi ukikaza, Juni mpaka Agosti hasa, wimbi lipo ila limevurugika. Ikifika tanga mbili, kati ya kusi na kaskazi, upepo haujui uende wapi, bahari inanyooka kabisa. Kigamboni haina kisiwa kikubwa cha kuikinga namna hiyo, ndiyo maana kule mawimbi yanakuja yamejipanga.

Nilipoanza nilikwenda Dar kuomba kufundishwa. Mwalimu aliniangalia, akasema mbele ya wanafunzi wake kwamba watu wa Bagamoyo tubaki na ngalawa zetu. Wakacheka. Maneno yale yananiuma mpaka leo.

Nilirudi nikamfuata nahodha mmoja mzee pale soko la samaki. Hajawahi kupanda ubao maishani, lakini hakuna aliyenifundisha zaidi yake. Alinianzisha na mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku moja mbili baadaye bamvua inapanda: maji yanajaa hadi juu, kisha yanakupwa mpaka unaona mchanga mtupu. Katikati ya bamvua moja na nyingine ni maji mafu, yanajaa na kupwa kidogo tu. Kila siku saa ya kujaa inasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo ukishuka pwani saa ile ile ya jana unakutana na bahari nyingine. Nikaanza kuandika kwenye daftari: upepo, mwezi, saa, wimbi linavunjikia wapi. Daftari ndilo lililonionyesha kwamba wakati wa kusi, maji yanapokaribia kujaa asubuhi, kabla upepo haujaamka, kuna mawimbi madogo yanayovunjika taratibu juu ya mchanga wetu tambarare. Yanamtosha kabisa anayejifunza.

Bahari ikilala, lala kifudifudi juu ya ubao ujivute kwa mikono hadi mabega yawake. Fanya hivyo kila mara. Kisha nchi kavu, jizoeze kuinuka kwa mkupuo mmoja. Halafu rudi ujivute tena.

Mteleza mawimbi Ítalo Ferreira wa Brazili alianza na vifuniko vya maboksi ya povu ambayo baba yake alitumia kuuzia samaki. Mwaka 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, fainali ilifanywa siku moja kabla ya ilivyopangwa kwa sababu ya tufani, bahari imechafuka, na ubao wake ukavunjika mwanzoni kabisa. Akachukua mwingine, akachukua dhahabu. Vijana wenzangu, sisi tunaona maboksi yale yale kila siku pale sokoni, halafu tunasubiri bahari ya kwenye simu! Hiyo haiji Bagamoyo. Shukeni kwenye hii mliyopewa.

Lakini radi ikisikika, toka majini, usibishane. Na msimu wa masika usisogelee mlango wa mto Ruvu: maji ni tope, magogo yanaelea, na kuna viboko na mamba.

Mdogo wangu, nunua daftari wiki hii. Bamvua ijayo niandikie umeona nini, saa ngapi, na upepo ulitoka wapi, kisha nitakwambia uingie lini.