Usisaini hiyo Ijumaa! (mkaa wa maganda ya korosho)

Mkuu, weka kalamu chini. Umeuliza mambo matatu: chuo gani kinafaa kwa mradi wako wa mkaa wa maganda ya korosho, fedha za utafiti zinapatikana wapi, na kama hiyo hati ya makubaliano uliyoletewa na watu wa chuo hapo Masasi uisaini Ijumaa. Leo najibu la mwisho tu, maana limenibabua kuliko mafuta ya maganda yenyewe, na aliyewahi kubangua korosho anajua mikono inavyokuwa.

Sisi kikundi chetu kipo Newala. Watu wa chuo walikuja, wakapiga picha na tanuri letu, tukasaini kurasa mbili za "kushirikiana katika utafiti na ubunifu wa kukabili mabadiliko ya tabianchi". Misimu miwili tukawapa maganda, tukawapa tanuri, tukawapa na daftari: mafuta yakamuliwe kiasi gani kabla ya kuchoma ili moshi usiwashe macho, uji wa muhogo uwe mzito vipi ili vitofali vya mkaa visimeguke. Mwanafunzi wao akalipiga picha daftari zima, ukurasa kwa ukurasa. Umeme ulikuwa umekatika, mimi ndiye niliyemshikia tochi!

Halafu likaja agizo la serikali: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa wa miti kufikia Januari 31, 2024. Shule moja ya bweni ikatufuata yenyewe, inataka mzigo kila mwezi. Sharti lao moja tu, karatasi ya maabara: moshi, majivu, joto. Na vipimo vilikuwepo! Vya maganda yetu! Kupiga simu chuoni, najibiwa matokeo ni mali ya mradi, hayatoki mpaka tasnifu, yaani andiko la shahada la mwanafunzi wao, ipite. Tukasubiri. Shule ikaweka majiko ya gesi. Masika ikatukuta na magunia stoo, vitofali vikarudi kuwa uji. Deni la tanuri nalipa mpaka leo, na mke wangu siku hizi ananiita "mtafiti".

Aliyetuponza ni mshauri mmoja wa semina za hotelini. "Hati ni ya kuonesha nia tu, mengine mtaelewana mbele ya safari." Mbele ya safari yeye keshakunja posho yake! Na kweli ilikuwa ya nia tu: siku tuliyoihitaji haikumbana mtu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata kiroba kimoja, iandikwe data ni ya nani, na nakala ya kila kipimo unaipata ndani ya siku ngapi. Tasnifu yao isubiri inavyotaka, nakala yako isisubiri. Daftari lako liwe kiambatisho, limeandikwa ni lako. Wakisema mwanasheria wa chuo atachelewesha mambo, achelewe. Korosho zinarudi kila Oktoba.

Nitumie hiyo hati pembeni, majina yafute. Leo, sio Alhamisi usiku.