Usinunue mbegu ya mpunga kwa picha ya suke

Majira ya kuandaa vitalu yakikaribia, kundi letu la WhatsApp la watu wa Dar tunaolima mpunga Ruvu hujaa picha. Suke limelazwa kiganjani, refu, limejaa punje hadi ncha, na chini yake maneno: "Mbegu ipo, nipigie." Na watu wanatuma hela! Mimi sitoi hata mia mpaka nijibiwe mawili: suke hilo limekatwa sehemu gani ya jaruba, na mashina yaliyokuwa jirani yake yalikuwaje?

Mavuno ya shina moja yana wazazi wawili, vinasaba na mazingira, na kwa macho huwezi kuwatenganisha. Wazalishaji wa mbegu hupima tofauti zote zinazoonekana kati ya mimea, kisha hukokotoa ni asilimia ngapi ya tofauti hizo imetokana na vinasaba. Hicho ndicho kiwango cha urithishwaji. Wengi huhesabu chini ya 30 kuwa kidogo, 30 hadi 60 cha kati, na zaidi ya 60 kikubwa. Kwenye mpunga, siku za kuchanua, urefu wa mmea na uzito wa punje 1,000 kwa kawaida huwa na kiwango kikubwa. Wingi wa machipukizi yanayozaa na mavuno ya shina zima mara nyingi huwa chini ya hapo, maana hufuata nafasi, mbolea, maji, hata mkono wa kibarua aliyepandikiza.

Kwa hiyo shina lililofura machipukizi, ambalo kila mtu analikimbilia, ndilo linalodanganya zaidi. Hasa likiwa pembeni mwa tuta. Pale linapata mwanga wa ziada, halibanwi na jirani, na mizizi inajilia peke yake. Kumsifu mche wa pembeni ni sawa na kumsifu mtoto kwa urefu naye amesimama juu ya kigoda. Mzee mmoja tunayepakana mashamba aliniambia nilipompa shikamoo nikiwa na panga na kifuko cha mbegu: "Mwanangu, hao wa mferejini waache, wameshiba tu." Hakusomea jenetiki popote.

Kuna jambo la pili ambalo hata maafisa ugani wengine hulipita haraka. Ili kuchagua mashina ya kutoa mbegu kulete faida, lazima kwanza pawe na tofauti za vinasaba za kuchagua. Mdenmarki Wilhelm Johannsen alilionyesha hilo mwaka 1903 kwa maharage. Alichukua uzao wa mmea mmoja unaojichavusha wenyewe, akapanda mbegu nzito na mbegu nyepesi kando kando. Watoto wa pande zote mbili walitoka na uzito wa wastani uleule. Mpunga nao hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa sana. Basi ukiwa na SARO 5 safi, ile aina ya mpunga iliyoboreshwa, yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, usipoteze jua lako kutafuta "shina bingwa" humo ndani. Ng'oa tu yasiyofanana na wenzake, ili mbegu ibaki safi.

Supa ya nyumbani, mpunga wetu wa kienyeji unaonukia, ni habari nyingine. Ile inayozunguka kwa miaka, kutoka ghala la shangazi hadi gunia la jirani, ina mchanganyiko ndani yake: mingine inawahi, mingine inachelewa, mingine inalala upepo wa kwanza ukipita. Hapo kuchagua kuna maana. Na harufu, inayofanya mama wa Tandale atie pua kwenye kiganja cha mchele kabla ya kuuliza bei, ni sifa ya urithi hasa: kwa aina nyingi zinazonukia duniani inatokana na kinasaba kimoja kwenye kromosomu (uzi unaobeba vinasaba) ya 8. Kinasaba hicho hujificha. Ukichanganya mpunga unaonukia na usionukia, mbegu za kizazi cha kwanza hazinukii, harufu inarudi baadaye kwa baadhi ya mimea. Udongo na joto huiongeza au kuipunguza, ila haviiumbi.

Ukikutana na ripoti inayosema urithishwaji ni asilimia 90 na zaidi, uliza jaribio lilifanyika sehemu ngapi, misimu mingapi. La sehemu moja na msimu mmoja hubeba ndani yake bahati ya pale pale, namba ikaonekana nene kuliko ilivyo. Tena namba hiyo ni ya kundi lile la mimea katika mazingira yale. Ya Dakawa, kule Morogoro, usiihamishie Ruvu kichwa kichwa.

Ninavyofanya kwenye Supa: mpunga unapochanua nafunga uzi kwenye mashina yaliyowahi, maana wakati wa kuvuna hutajua tena nani aliwahi. Mistari ya pembeni siigusi. Jaruba nalikata kwa macho vipande vidogo, na kila kipande nachukua bora wa pale pale, akilinganishwa na majirani zake tu. Kwa njia hiyo kona yenye rutuba haiibi nafasi zote. Kila shina navuna peke yake, nahesabu punje 1,000 kavu, napima kwa mzani mdogo kama ule wa dukani Kariakoo. Msimu unaofuata kila shina linapata mstari wake, tena zaidi ya mahali pamoja shambani, na SARO 5 katikati kama kipimo. Sasa nalinganisha mistari, siyo shina moja moja, kwa sababu wastani wa mimea mingi katika sehemu kadhaa hupunguza udanganyifu wa udongo. Hapo hata mavuno yenyewe yanaanza kuaminika. Mistari iliyoshindwa inakwenda mashineni kukobolewa, tunakula.