Maswali na majibu: Baiskeli juu ya gari, na aliye nyuma yako

Siku hizi maswali mengi yanayonifikia yanahusu jambo moja, kubeba baiskeli juu ya paa la gari. Wakazi wa Dar wanataka kuendesha Kigamboni, Pugu au Bagamoyo bila kuanza safari kwa kujipenyeza kati ya malori na daladala. Nimeyachagua yale ambayo jibu lake litawafaa wengi.

*Fundi, habari za kazi. Nina IST, paa lake halina reli. Fundi wa kuchomelea pale Gerezani anasema atoboe paa atie bolti nne ili keria isitikisike kabisa. Nikubali?* (Msomaji, Kimara)

Usikubali, ndugu yangu. Bati la paa la gari dogo ni jembamba, na nguvu ya paa iko kandokando, kwenye nguzo za milango. Ukilitoboa katikati, kila tuta utakalovuka bolti itavuta tundu na tundu litapanuka. Masika ya kwanza maji yataingia kwenye kitambaa cha dari, kisha kutu itaanza mahali usipopaona.

Kwa paa tupu ziko keria za miguu minne inayokaa ukingoni mwa paa, ndoano zake zikishika ukingo wa juu pale mlango unapofungia. Miguu hiyo hutengenezwa kwa aina maalumu ya gari, kwa kuwa mkunjo wa paa la IST si sawa na wa Spacio. Usinunue kwa kuambiwa "inaingia gari zote". Peleka gari dukani, ifungwe hapo hapo, funga na ufungue milango yote minne, halafu shika chuma cha keria ukitikise kwa nguvu. Gari zima likiyumba pamoja na keria, imekaa. Keria ikicheza peke yake, haijakaa.

Wachomeleaji wa Gerezani nawaheshimu. Gari lako lingekuwa na reli, au ule mfereji wa mvua wa magari ya zamani, wangekutengenezea keria ya kubana kwa nati ikadumu miaka. Ila kwa IST na baiskeli moja, kabla hujatoa hata shilingi, laza viti vya nyuma, chomoa gurudumu la mbele, ujaribu kuiingiza ndani.

*Shikamoo. Tuna RAV4 yenye reli juu, na nyumbani tuko wanne. Vishikio vinne vya baiskeli vimeenea vizuri. Zote nne zipande?* (Msomaji, Tegeta)

Marahaba. Kuenea na kubebeka ni mambo mawili. Mtengenezaji wa gari ameweka kikomo cha uzito juu ya paa, na kwa magari mengi ya familia kiko kati ya kilo 50 na 100. Kitafute kwenye kitabu cha gari. Hata kama kitabu ni cha Kijapani, tarakimu na "kg" zimeandikwa vilevile, na simu yako itakutafsiria yaliyobaki.

Wengi husahau kwamba keria yenyewe imo ndani ya kikomo hicho. Tuseme kikomo ni kilo 75. Vyuma viwili vya kukingama vina kilo 6, vishikio vinne vya kilo 4 kila kimoja ni kilo 16, jumla 22. Zinabaki 53. Baiskeli nne za kilo 14 ni kilo 56, umeshavuka. Pandisha tatu, ya nne iingie ndani. Angalia pia kikomo cha keria na cha kila kishikio. Kilicho kidogo kuliko vyote ndicho cha kufuata. Baiskeli ya chuma ya zamani, zile za mtindo wa Phoenix, hukaribia kilo 20, na ya umeme inaweza kuvuka hapo hata ukitoa betri. Hizo zibaki chini.

Mkizipanga, moja itazame mbele na jirani yake nyuma, ili mikono ya usukani isikwaruzane.

*Miaka yote nafunga kwa mipira ya tyubu, kama wanavyofunga mizigo sokoni, na sijawahi kuangusha kitu. Mikanda ya nini?* (Msomaji, Mbagala)

Mpira unavutika, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Ukishika breki ghafla, baiskeli inataka kuendelea na safari. Mpira unaiachia iende kidogo kisha unairudisha, na kila inapokwenda na kurudi fundo linalegea. Jua letu nalo linaukausha hadi unaota mipasuko midogo, na siku ya kukatika haukupi taarifa. Kamba ya manila haifai zaidi; inateleza kwenye fundo.

Nunua mkanda uliosukwa usiovutika. Mmoja ufunge gurudumu la mbele kwenye kishikio, mwingine la nyuma, na wa tatu utoke kwenye fremu hadi kwenye chuma cha keria chenyewe, usiishie kwenye kishikio tu. Mkanda wa racheti, ule unaokazwa kwa mpini wenye meno, una nguvu nyingi mno kwa kazi hii, unaweza kupinda rimu; ukiutumia, kaza mpaka baiskeli iache kucheza, basi. Mkia wa mkanda uliobaki uviringishe uufunge, maana ukipigwa na upepo utajilegeza wenyewe. Mipira yako usiitupe. Bana nayo mkono wa breki ya mbele ili gurudumu lisizunguke.

Naomba unielewe kwa nini nasisitiza hivi. Nyuma ya gari lako, katika barabara yoyote ya Dar, kuna bodaboda, karibu kuliko unavyodhani, ana abiria na pengine mtoto kati yao. Baiskeli ikichomoka juu ya paa, wewe utasikia kishindo tu. Yeye ndiye itakayemwangukia usoni, na hana pa kukwepea. Kwa sababu yake nataka kila baiskeli iwe na vifungo viwili visivyotegemeana, kimoja kikikatika kingine kiishike. Kutoangusha miaka yote kusikutoshe.

*Juzi nusura nigonge boriti ya geti la nyumbani nikirudi na baiskeli juu. Mnakumbukaje kwamba ziko juu?* (Msomaji, Kigamboni)

Pima kwa futi kutoka chini hadi juu kabisa ya baiskeli ikiwa imefungwa. Gari la mita 1.5 likibeba baiskeli iliyosimama hufika karibu mita 2.7, na Noah itakaribia mita 3. Maegesho mengi ya chini ya majengo yana mita 2 na kitu. Andika kipimo chako kwenye karatasi, ubandike mbele ya macho yako. Rimoti ya geti iweke kwenye buti siku hiyo, ulazimike kushuka kabla ya kuingia. Mitaani angalia matawi ya miembe na nyaya za simu zilizoning'inia.

*Baiskeli yangu ni ya kaboni, ina breki za diski. Kishikio changu kinabana fremu. Kuna shida?* (Msomaji, Mikocheni)

Ipo. Fremu ya kaboni imetengenezwa ihimili uzito wa mwendeshaji. Ikibanwa kwa ubavu mahali pamoja inaweza kupasuka kwa ndani, na ufa usiuone mpaka siku uko mteremkoni. Tafuta kishikio kinachoshika magurudumu peke yake, au kile cha kuchomoa gurudumu la mbele na kufunga foki, yaani uma unaolishika gurudumu hilo. Ukichagua cha foki, hakikisha kinalingana na ekseli yako, kwani ile nene ya kupenya haikai kwenye kifungo cha ile nyembamba. Gurudumu likishatoka, chomeka kipande cha plastiki kati ya pedi za breki. Mtu akibonyeza breki bila diski kuwepo, pedi zitafungana na utahangaika kuzitenganisha.

*Ya mwanangu ni ya inchi 16, haikai kwenye kishikio.* (Msomaji, Ukonga)

Isilazimishwe, dada. Iingie ndani ya buti.

*Jumamosi tunakwenda Bagamoyo. Mwendo gani unafaa?* (Msomaji, Sinza)

Soma kwanza kikomo cha mwendo kilichoandikwa na mtengenezaji wa keria. Mimi nakushauri usivuke 80 hata pale kibao kinaporuhusu. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo: ukitoka 50 ukafika 100, upepo unaoisukuma baiskeli unakuwa mara nne. Basi kubwa likikupita kwa kasi, utahisi gari linasukumwa pembeni, kwa hiyo shika usukani kwa mikono miwili. Kwenye rasta na matuta punguza mapema, kwani mtikisiko ndio unaolegeza nati. Kona zichukue taratibu kuliko kawaida yako, sasa gari lina uzito juu.

Kabla ya kuondoka toa chupa, pampu, mkoba, kikapu na kiti cha mtoto. Usifunike baiskeli kwa turubai, litashika upepo kama tanga. Mkifika Tegeta, egesha pembeni, ukaguse kila mkanda na kila kifungo kwa mkono. Kuangalia kwa macho hakutoshi. Rudia Bunju, na tena kabla ya kuanza safari ya kurudi.

*Naweza kuiacha keria juu ya gari mwaka mzima?* (Msomaji, Mbezi Beach)

Unaweza, ila kwa mnaokaa karibu na bahari sishauri. Hewa ya chumvi inakula nati na bolti kimyakimya, na keria tupu bado inakutafunia mafuta. Ivue, ioshe kwa maji yasiyo ya chumvi, iache ikauke, na upake grisi kidogo kwenye nyuzi za bolti kabla ya kurudisha nati.